Mtoto Aulizapo: Ada za Nyumbani na Vitabu vya Picha katika Malezi ya Imani

Katika kitabu cha Kutoka, pale Waisraeli wanapoamriwa jinsi ya kuila Pasaka, mwanakondoo wa kuoka, mkate usiotiwa chachu na mboga chungu, pana jambo dogo ambalo msomaji mwenye haraka hulipita asilione: kabla watu hawajatoka Misri, kabla hata ya usiku wenyewe kuingia, Musa ameshamfikiria mtoto ambaye bado hajazaliwa, atakayekaa mezani miaka mingi baadaye, aitazame karamu ile ya ajabu na kumwuliza baba yake maana yake. Kadhalika Yoshua, alipokwisha kuwavusha watu mto Yordani, aliamuru mawe 12 yatolewe mtoni na kusimamishwa Gilgali, na sababu aliyoitaja haikuwa kuipamba kambi wala kujijengea sifa. Aliyataka mawe yale yakae pale ili watoto wa zama zijazo wayaone na wasiweze kujizuia kuuliza.

Ninalolishikilia katika makala haya ni kwamba ada za dini nyumbani na vitabu vya picha, ingawa hizo ni matendo na hivyo ni karatasi, kazi yake ni moja, nayo ni kumfanya mtoto aulize mbele ya mtu mzima ampendaye na aliye tayari kumjibu. Mzazi atakayeyaona mambo hivyo hatahitaji wingi wa vitu wala elimu ya chuo cha theolojia; na mzazi asiyeyaona hivyo aweza kuijaza nyumba yake misalaba, kalenda za kanisa na Biblia za watoto zenye majalada ya kung'aa, mtoto akakua humo akiwa amevizoea vyote kama alivyoizoea rangi ya ukuta.

Kwetu Afrika ya Mashariki pana sababu ya kihistoria inayotufanya tuwe wazito katika jambo hili. Imani ya Kikristo, kwa sehemu kubwa, iliingia kwetu kwa mlango wa darasa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, na wamisionari wa Kianglikana walipoanzisha makao ya Freretown karibu na Mombasa mwaka 1875, wengi katika watu waliowapokea walikuwa wamekombolewa utumwani, na miongoni mwao watoto waliokwisha kutengwa na mama zao na bibi zao, hata ikawa hakuna budi mwalimu awe ndiye mzazi, na kengele ya shule iwe ndiyo sauti ya nyumba. Huko bara nako, mahali pengi, shule ya kijiji ilitangulia kanisa, na aliyetaka kubatizwa alianza kwa kujifunza herufi. Sisemi hayo kwa kulaumu. Elimu ile ilitufaa, na wengi wetu tusingekuwa na kalamu mkononi lau si hiyo. Walakini taathira yake imebaki: mzazi wa leo hudhani imani ni somo, na somo lina mwalimu wake, basi humpeleka mtoto shule ya Jumapili na kumwachia binti mmoja mwenye moyo mwema na kundi la watoto lisilohesabika, kisha wiki nzima hamwulizi alisikia nini huko. Jioni baba yuko kwenye foleni ya magari, mama anamalizia hesabu za dukani, televisheni inasema peke yake sebuleni, na aghalabu anayemlaza mtoto na kumwombea ni dada wa kazi. (Wala dada huyo asidharauliwe, watoto wengi mjini wameijua sala ya Baba Yetu kutoka kinywani mwake kabla ya kuisikia kwa wazazi wao.)

Anayetaka kujua mambo yangeweza kuwaje na amsikilize Mtakatifu Yohane Krisostomo, mzaliwa wa Antiokia wa karne ya nne, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Konstantinopoli. Aliandika risala juu ya majivuno na malezi ya watoto, na ndani yake mna mashauri ambayo ukiyasoma leo hutastaajabu kuambiwa yameandikwa na mtu aliyepata kukaa na watoto kitako. Anamwambia baba amchukue mwanawe wakati amepumzika na masomo yake, amsimulie kisa cha ndugu wawili, Kaini na Habili, kwa maneno mepesi yenye utamu, maana nafsi ya mtoto hupenda hekaya za kale. Wala asimrundikie visa vingi, hicho kimoja kinatosha. Mama naye awepo, asikilize, akisifie kisa, ili mtoto aone kuwa jambo hili linawapendeza wakubwa. Siku nyingine, wakati wa chakula cha jioni, baba amwambie mtoto, haya, nisimulie wewe habari za wale ndugu wawili. Na mtoto akishakisimulia vizuri, ndipo afunuliwe mafunzo yake. Baada ya hapo ndipo wafuate Yakobo na Esau, nao kwa utaratibu ule ule. Kisha Krisostomo anaongeza jambo ambalo mimi naliona ndilo kilele cha risala nzima: siku ambayo kisa hicho kitasomwa kanisani, baba amshike mtoto mkono ampeleke akakisikie, naye mtoto ataruka kwa furaha, kwa kuwa amejiona anayajua yale ambayo wengine ndio kwanza wanayasikia.

Tazama jinsi askofu huyu alivyoigeuza njia yetu. Sisi humpeleka mtoto kanisani ili akajifunze, tukarudi naye nyumbani tukadhani kazi imekwisha. Yeye anamfunza nyumbani ili akifika kanisani awe mwenyeji, si mgeni wa kusinzia mapajani mwa mama yake. Na njia yenyewe si ngeni kwa watu wa pwani yetu, ambao tangu zamani wameketi usiku kusikiliza ngano, msimulizi akiita paukwa nao wakiitika pakawa, na ngano ile ile ikirudiwa mara nyingi, ole wake msimulizi atakayebadili neno moja. Mtoto hachoki kurudia. Anayechoka ni mtu mzima, naye ndiye hukimbilia kitabu kipya wakati cha zamani hakijamwingia mtoto moyoni.

Baadhi ya ada zinazojulikana duniani kote zilizaliwa kwa swali la mtoto hasa. Johann Hinrich Wichern, mwanatheolojia wa Kilutheri, alianzisha mwaka 1833, kandokando ya Hamburg, makao ya watoto maskini yaliyoitwa Rauhes Haus, na watoto wale, kama ilivyo tabia ya watoto popote, walimsumbua wakati wa Majilio kwa swali moja tu: Krismasi lini? Mwaka 1839 Wichern alilitwaa gurudumu la mkokoteni, akalipangia mishumaa midogo myekundu kwa siku za kazi na minne mikubwa myeupe kwa Jumapili nne, ukawa unawashwa mmoja mmoja kila siku, hata nuru ikazidi kadiri sikukuu ilivyokaribia. Shada la Majilio lenye mishumaa minne, ambalo siku hizi huonekana katika makanisa na nyumba za Wakristo wengi, lina asili yake katika gurudumu hilo. Ndugu zetu Wakatoliki wana pango la Noeli, ambalo masimulizi yake hurejea mpaka Greccio, Italia, mwaka 1223, Fransisko wa Asizi alipoagiza hori, majani makavu, ng'ombe na punda walio hai, ili watu waone kwa macho yao umaskini aliozaliwa nao Bwana. Nayo jamaa ya Wamoravian, tangu mwaka 1728 huko Herrnhut, Ujerumani, ilianza desturi ya kupeleka neno moja la Maandiko kila nyumba kila siku, na tangu mwaka 1731 maneno hayo yamechapwa katika kijitabu kila mwaka bila kukoma; ni ada isiyohitaji mshumaa wala hori, dakika chache tu kabla ya chai ya asubuhi.

Hata hivyo sipendi msomaji adhani kwamba ada njema lazima ije kwa meli. Kila mwezi wa Desemba katika Dar es Salaam waweza kuona mti wa plastiki uliotiwa pamba juu ya matawi yake ili ifanane na theluji, nje jua likichoma vichwa, na mtoto akiuliza pamba ile ni ya nini, jibu la kweli ni kwamba tumeona wengine wakifanya hivyo. Ada isiyo na jibu jingine ghairi ya hilo haimfai mtoto. Yapo mambo yetu yaliyo bora kuliko hayo, nayo tunayafanya bila kuyasemea. Jumapili ya Matawi watoto hurudi nyumbani na makuti yaliyobarikiwa, na katika nyumba nyingi za Kikatoliki tawi huchomekwa nyuma ya msalaba ukutani, likakauka huko miezi na miezi, mpaka Kwaresima inayofuata inapokaribia, matawi yakakusanywa yakachomwa, na majivu yake yakapakwa watu katika paji la uso Jumatano ya Majivu. Ni ajabu kubwa hii kwa mtoto, kwamba kuti lile lile alilolipunga kwa shangwe ndilo sasa limekuwa vumbi juu ya uso wake. Lakini ni wazazi wangapi hungoja aulize, au angalau humtuma yeye mwenyewe akalitoe tawi ukutani na kulipeleka kanisani kwa mikono yake?

Na Wachagga je, ambao kila mwisho wa mwaka huacha biashara zao mijini wakapanda kwenda Kilimanjaro, magari yakafuatana njia nzima? Watu huwatania kwa safari hiyo, lakini ndani yake mna hazina. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam huwekwa miguuni pa babu yake, akaonyeshwa kaburi la babu mzaa babu lililo kando ya migomba, akaingia kanisa ambamo baba yake alibatizwa, akasikia jamaa nzima ikisali pamoja kabla ya nyama kugawanywa. Mtume Paulo, alipomwandikia Timotheo, alikumbuka kwamba imani ya kijana huyo ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Safari ya Desemba humkutanisha mtoto na Loisi wake. Inapokuwa ni ya pombe na kuonyeshana magari tu, basi ni hasara, lakini hasara hiyo haitokani na safari.

Ama kuhusu picha, Kanisa lilikwisha kulijadili suala hili zamani sana. Yapata mwaka 600 Serenus, askofu wa Marseille, alizivunja sanamu na picha za makanisani kwa kuona watu wakiziabudu, naye Papa Gregori Mkuu akamwandikia kumkanya, akamweleza kwamba kuziabudu ni kosa kweli, lakini asiyejua kusoma huyaona katika picha yale ambayo msomi huyapata kitabuni. Martin Luther, ambaye wengine humdhania kuwa adui wa sanamu zote, mwaka 1529 alitoa Katekisimu Ndogo iliyomwagiza mkuu wa nyumba awafundishe jamaa zake, na mwaka huo huo akatoa kitabu cha sala chenye picha takriban 50 za kuchongwa kwa mbao, akisema ameziweka hasa kwa ajili ya watoto na watu wa kawaida, ambao hulikumbuka jambo kwa kuliona kuliko kwa maneno matupu. Johannes Amos Comenius alikwenda mbele zaidi. Alikuwa askofu wa Umoja wa Ndugu wa Bohemia na Moravia, ambao Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 hujihesabu kuwa warithi wao. Tauni ilimchukulia mke na watoto wawili, vita na fitina za dini zikamfukuza kwao asirudi tena. Mkimbizi huyo ndiye aliyechapisha Nuremberg, mwaka 1658, kitabu kiitwacho Orbis Sensualium Pictus, chenye picha karibu 150, kila kitu katika picha kikiwa na namba yake na jina lake kwa Kilatini na Kijerumani. Kinaanza na Mungu, kinakoma kwenye hukumu ya mwisho, na katikati mna mwokaji mikate, mfinyanzi, nyuki, wanyama na nyota. Mpangilio huo ndio unaonipendeza mimi. Mtoto wa Comenius hakumkuta Mungu katika kitabu cha peke yake kinachofunguliwa Jumapili. Alimkuta katika kitabu kile kile chenye tanuri ya mikate.

Katika zama zetu vitabu vya picha vya dini vimekuwa vingi, na wingi huo unataka macho makali. Mmarekani Kenneth Taylor, baba wa watoto 10, alitoa mwaka 1956 kitabu cha The Bible in Pictures for Little Eyes, ambacho hukupa picha, maneno machache na maswali mafupi. Hakina urembo wa sanaa kubwa, lakini mwenye kukitunga alijua kwamba picha bila mazungumzo ni nusu ya kazi. Wengine hawakujua. Chukua mfano wa safina ya Nuhu, ambayo haikosekani katika Biblia yoyote ya watoto: twiga ametoa shingo dirishani, tembo anacheka, upinde wa mvua uko juu, na mtoto huamini kuwa gharika ilikuwa matembezi ya wanyama. Peter Spier, mchoraji mzaliwa wa Uholanzi aliyeishi Marekani, alikichora kisa hicho mwaka 1977 katika Noah's Ark, kitabu ambacho karibu chote hakina maneno, kikapewa nishani ya Caldecott mwaka uliofuata. Humo wamo wanyama walioachwa nje maji yakiwapanda, na ndani ya safina mna kazi ya kulisha na kuzoa samadi. Mtoto anayekitazama hunyamaza, kisha huuliza. Naona kitabu kimoja cha namna hiyo kinafaa kuliko safu nzima ya vitabu vya tembo wanaocheka.

Liko pia jambo la sura ya Bwana. Wengi wetu tulilelewa na picha za kalenda ambamo Yesu ana nywele za dhahabu na macho ya samawati, na picha aliyoiona mtu utotoni haifutiki kwa hoja za ukubwani. Kaskazini mwa Kameruni, katika miaka ya 1970, Wakristo wa kabila la Mafa waliviigiza visa vya Injili kijijini mwao, na maigizo yao yakawa msingi wa michoro iliyochorwa na msanii wa Kifaransa, ijulikanayo kwa jina la Vie de Jésus Mafa, ambamo Yesu ni Mwafrika katikati ya nyumba za udongo na mitungi ya maji. Michoro hiyo imeenea mbali sana na kijiji ilikotoka. Pana wanaoipinga kwa kusema Yesu alikuwa Myahudi wa Galilaya, na ni kweli. Lakini ukweli huo huziangusha nywele za dhahabu kwa nguvu zile zile, na sijawasikia wapinzani hao wakizing'oa kalenda zao. Askofu Desmond Tutu alipotoa Biblia yake ya watoto mwaka 2010, iliyoitwa Children of God Storybook Bible, ilichorwa na wasanii wa nchi mbalimbali, kila mmoja kwa mtindo wa kwao, hivyo mtoto huona nyuso nyingi na kujiuliza ipi ndiyo. Na aulize. Jibu ni kwamba hakuna aliyeuchora uso ule kwa kuuona.

Mzazi atasema, vitabu hivyo ni ghali, tena ni vya Kiingereza. Ni kweli, na vya Kiswahili vilivyochorwa vizuri ni haba. Wachapaji wetu wana deni hapa. Lakini kitabu cha picha hakisomwi neno kwa neno. Kiwe cha lugha yoyote, mzazi hufunika maneno kwa kiganja akasimulia kwa Kiswahili cha nyumbani, kwa kuwa Biblia yetu ya Union Version ya mwaka 1952, pamoja na uzuri wake, lugha yake ni nzito kwa mtoto wa miaka minne, naye atapanda kuifikia baadaye. Na hapa bibi asiyejua kusoma ana nafasi ambayo msomi humwonea wivu: mpe kitabu, naye atakushangaza, maana kisa amekisikia kanisani miaka yote, picha yamkumbusha, na kwa kuwa hafungwi na maandishi husimama pale mtoto anaposimamisha kidole. Mtoto akiuliza huyu mzee analia nini, bibi hamwambii angoje ukurasa wa mbele.

Kosa kubwa la wasomaji wenye bidii ni kukimbilia mafundisho. Kisa cha Msamaria hakijatua, mzazi ameshauliza, je, nawe utawasaidia wenzako? Mtoto hujibu ndiyo, kwa kuwa ndilo jibu linalotakiwa, na mlango unafungwa. Lau mzazi angenyamaza kidogo, yamkini mtoto angeuliza kwa nini kuhani alipita kando, au yule punda alipewa maji, na maswali hayo, hata la punda, ni ya mtu aliyeingia ndani ya kisa.

Yatakuja pia maswali mazito. Mtoto aliyeiona gharika ya Spier atataka kujua wale waliobaki nje walikosa nini, na watoto wao walikosa nini, na wazazi wengi, kwa kuhofia swali hilo, huvificha visa vya namna hiyo mpaka mtoto amekuwa kijana asiyetaka tena kuuliza. Krisostomo hakuwa na hofu hiyo. Katika risala ile ile asema mtoto wa miaka 10, au 8, au hata chini ya hapo, asimuliwe kwa ukamilifu gharika, na kuangamizwa kwa Sodoma, na habari za Misri. Habari za Jehanamu ndizo alizoziahirisha mpaka kijana atimize miaka 15. Mzazi wa leo aweza kuivuta mipaka hiyo huku au kule kwa kadiri ya moyo wa mtoto wake, maana watoto wa nyumba moja hawafanani, na aliye mwoga wa giza asisomewe Sodoma usiku. Na pale jibu lisipopatikana, hapana aibu baba kumwambia mwanawe kwamba swali hilo hata yeye linamsumbua, na kwamba Jumapili, ibada ikiisha, watakwenda wote wawili kumwuliza mchungaji.